Treni 18 kabla ya alfajiri: jibu kwa msimamizi mpya wa zamu ya usiku karakanani

Swali: "Ndugu mtaalamu, miezi mitatu iliyopita nilipandishwa kutoka ufundi nikakabidhiwa usimamizi wa zamu ya usiku katika karakana ya treni za abiria za umeme. Treni 18 hulala kwetu. Ya kwanza huingia saa 4 usiku na ya mwisho saa 7 na nusu. Inayotangulia kutoka huondoka saa 10 na dakika 40 alfajiri, na ifikapo saa 1 asubuhi 14 zinatakiwa ziwe zimekwisha kutoka. Nina njia mbili zenye mashimo ya ukaguzi, ambamo fundi husimama chini ya treni, mtambo mmoja wa kuoshea, mafundi 12, wasafishaji 20 na madereva wawili wa kusogeza treni ndani ya karakana. Karibu kila asubuhi treni mbili au tatu huchelewa kutoka, au hutoka chafu. Nimeomba mafundi zaidi nikanyimwa. Nifanye nini?"

Jibu: Ndugu msimamizi, swali lako umelipanga vizuri, kwa sababu umetaja karibu kila kitu kinachohitajika ili mtu akusaidie. Hata hivyo, naona umeweka uzito mahali pasipostahili. Umelalamikia upungufu wa mafundi, lakini jibu la shida yako limo katika maneno uliyoyataja kwa kupita tu, kwamba una madereva wawili wa kusogeza treni. Kabla hujaandika barua nyingine ya kuomba mafundi, tufanye hesabu pamoja.

Katika karakana ambayo usiku wake haukupangwa, treni moja husogezwa mara tatu: kutoka ilipoachwa ilipoingia hadi kwenye mtambo wa kuoshea, kutoka hapo hadi kwenye shimo la ukaguzi, na kutoka kwenye shimo hadi mahali itakapolala. Katika kila mojawapo ya safari hizo fupi dereva anapaswa kupata ruhusa, kutembea hadi kwenye chumba cha kuendeshea, kuhakikisha kwamba hakuna mtu chini ya treni wala kandokando yake, kuondoa kabari za magurudumu, kusubiri upepo wa breki (hewa iliyobanwa inayoziendesha) ujae, kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kusimama, kuifunga tena treni na kutoa taarifa. Dakika 15 kwa kazi yote hiyo si uzembe. Ni mwendo wa mtu makini. Treni 18 mara safari tatu ni safari 54, nazo kwa dakika 15 kila moja ni dakika 810. Ukizigawa kwa madereva wawili, kila mmoja ana dakika 405 za kazi. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 10 na dakika 40 kuna dakika 400.

Maana yake ni kwamba madereva wako wamekwisha kushindwa kabla treni ya kwanza haijaingia, hata kama hawatakunywa maji, hawatakwenda msalani, na hata kama lango la karakana lingeweza kuwapitisha wote wawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa karakana nyingi haliwezekani kwa kuwa njia zote hukutana kwenye shingo moja. Ukiongezewa mafundi wanne kesho, watakuwa watu wanne zaidi wanaosubiri treni iletwe. Ndiyo maana sikubaliani na wasimamizi wanaouanza usiku kwa kugawa mafundi. Usiku wa karakana huanzia kwenye ramani ya njia za reli, na mafundi hupangwa baada ya kujulikana treni ipi itasimama wapi na itasogezwa mara ngapi.

Lengo lako la kwanza, basi, liwe kupunguza safari hizo. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuhakikisha kwamba treni inaoshwa inapoingia, ikiwa bado mikononi mwa dereva aliyeitoa kituoni. Yeye tayari yumo ndani, treni ina upepo na umeme, na mtambo wa kuoshea hauhitaji kitu kingine ila mwendo mdogo usiobadilika. Ikiwa mtambo wako uko upande wa njia ya kuingilia, basi safari nzima ya kuosha inafutika kwenye hesabu ya madereva wako. Ikiwa uko upande mwingine wa karakana, jiulize ni treni zipi hasa zinazolazimika kuoshwa usiku huu. Karakana nyingi huosha kila treni kila usiku kwa mazoea tu, ilhali mpango wa kuosha nusu leo na nusu kesho usingeonekana kwa macho ya abiria.

Ukaguzi wa shimoni nao si wa kila treni kila usiku. Kila aina ya treni ina mpango wake wa matengenezo unaotaja ukaguzi upi ufanyike baada ya siku ngapi au kilomita ngapi, na karakana iliyopangwa vizuri huusambaza ukaguzi huo sawasawa katika wiki. Tuseme mpango wako unaruhusu treni 6 kwa usiku zipite shimoni na 12 zibaki zikipata huduma ya kawaida mahali zinapolala. Hapo, kama kuosha kumekwisha kufanywa treni zinapoingia, treni 12 zinasogezwa mara moja, treni 6 zinasogezwa mara mbili, jumla ni safari 24, nazo ni dakika 360 kwa madereva wawili, yaani saa tatu kwa kila mmoja. Umepata zaidi ya saa tatu na nusu za kupumzika na za kukabiliana na mambo yasiyotarajiwa, na mambo hayo hayakosi.

Ili hilo liwezekane, huduma ndogo lazima ziifuate treni, badala ya treni kuzifuata huduma. Kujaza maji ya kunawia, kuondoa majitaka kwenye matangi ya vyoo, kujaza mchanga unaomwagwa mbele ya magurudumu yanapoteleza, kujaza maji ya kuoshea kioo cha dereva: yote haya hufanyika treni ikiwa imelala, mradi mabomba yawe kando ya njia au kuwe na matangi ya kukokotwa. Usiyadharau matangi ya vyoo. Treni nyingi za kisasa hujifungia choo tangi linapojaa, na treni iliyotoka asubuhi na tangi lililojaa nusu itakuwa haina choo kabla ya jioni. Na kwa kuwa nimegusia maji, kuna jambo moja ambalo halina mjadala: mpira wa maji safi na mpira wa kuoshea tangi la majitaka visishikwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja, visitundikwe pamoja, na viwe na vifungio tofauti ambavyo haviwezi kubadilishana hata kwa makosa. Maji yaliyokaa kwenye matangi ya treni yakiwa ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, ni mahali ambapo bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, huzaliana, kwa hiyo treni iliyosimama siku kadhaa bila kutumika imwagwe maji yake yote kabla ya kujazwa upya.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wangu, ndilo linalovuruga asubuhi kuliko hitilafu zote za mitambo: treni ilale wapi. Kama njia zako zimefunguka pande zote mbili, iliyotangulia kuingia inaweza kutangulia kutoka, na maisha ni mepesi. Lakini kama njia zako zina mwisho, treni iliyoingia kwanza inasukumwa hadi ukutani, na zinazofuata zinaifungia. Hapo ukimpa treni ya ukutani dereva wa saa 10 na dakika 40, utalazimika kuhamisha treni mbili ili kuitoa moja, tena katika saa ile ambayo kila mtu ana haraka. Kosa hili hutokea kwa sababu katika karakana nyingi orodha ya treni za asubuhi, inayosema treni namba fulani itafanya mzunguko fulani, yaani mfululizo fulani wa safari za siku hiyo, huandikwa mchana na watu ambao hawajui treni hizo zitaingia kwa mpangilio upi. Kisha msimamizi wa usiku anahangaika kuzifanya treni ziifuate karatasi.

Ushauri wangu ni kugeuza utaratibu huo. Omba kituo cha udhibiti wa safari kikupe mizunguko ya asubuhi bila namba za treni, isipokuwa zile chache zenye masharti, kama treni inayopaswa kumalizia safari zake kwenye karakana nyingine kwa matengenezo makubwa. Namba nyingine uzigawe wewe, baada ya kuona nini kimeingia na kimelala wapi, kisha uzirudishe kwao kwa saa mtakayokubaliana, tuseme saa 9 usiku. Treni nne ambazo hazihitajiki kabla ya saa 1 asubuhi ndizo hazina yako kubwa. Zile zitakazokuwa na kazi nzito zipewe nafasi hizo nne, na mojawapo ya zinazoingia saa 7 na nusu isipewe kamwe safari ya saa 10 na dakika 40, kwani muda uliobaki kati yake ni saa tatu na dakika kumi tu, na ukaguzi ukikuta tatizo dogo tu treni hiyo haitatoka. Watu wa udhibiti wa safari mara nyingi hukataa mwanzoni, kwa hofu kwamba utawapelekea orodha kwa kuchelewa. Wape wiki mbili za kuiona saa hiyo ikitimizwa bila kukosa, watakubali.

Baada ya nafasi, jambo la pili ni taarifa. Treni za kisasa hutuma taarifa za hitilafu zikiwa bado njiani, na hata zile za zamani zina daftari la dereva. Keti na kiongozi wa mafundi na kiongozi wa wasafishaji saa moja kabla ya treni ya kwanza kuingia, msome orodha yote: ipi ina mlango unaosumbua, ipi imeripotiwa breki yake kushika kwa kuchelewa, ipi ina betri dhaifu. Kisha kagueni ghala la vipuri wakati huohuo. Nimewahi kufanya kazi kwenye karakana ambako tulilifungua behewa saa 8 usiku ili kubadilisha mota ya mlango, tukalibomoa vizuri, ndipo tukagundua kwamba mota iliyokuwa kwenye rafu ilikuwa ya mlango wa upande wa pili. Treni ile haikutoka asubuhi. Tangu siku ile sheria yangu ni kwamba hakuna kinachofunguliwa mpaka kipuri kiwe mkononi mwa fundi, kimetolewa kwenye kasha na namba yake imelinganishwa.

Usimruhusu dereva aliyeleta treni aondoke bila kuzungumza na mtu wako. Daftari litasema "mlango wa behewa la tatu unasumbua", lakini yeye akiulizwa kwa upole atakuambia kwamba unasumbua treni inaposimama kwenye mkunjo tu, na maneno hayo mawili yanaweza kumwokolea fundi saa nzima. Dakika mbili za mazungumzo kwenye ngazi ya treni ni ukaguzi kamili, tena usio na gharama.

Hitilafu zinazojirudia zina hatari yake ya pekee. Fundi anaijaribu treni karakanani, inafanya kazi, anaandika "hakuna kasoro iliyoonekana", na treni inarudi barabarani. Usiku wa tatu inaletwa tena na lalamiko lilelile, kwa fundi mwingine ambaye hajaona maandishi ya wenzake. Mnamo Juni 3, 1998, karibu na Eschede nchini Ujerumani, treni ya mwendo kasi ilianguka baada ya ukanda wa chuma wa gurudumu kupasuka kwa uchovu wa chuma, yaani ufa unaokua kwa mzigo unaojirudia, na watu 101 walikufa. Kabla ya ajali hiyo wafanyakazi wa treni walikuwa wamekwisha kuripoti kelele na mtetemo kutoka kwenye bogi (fremu ya magurudumu chini ya behewa) yenye gurudumu lile. Sisemi kila mlango unaosumbua utaleta maafa. Nasema kwamba ripoti ya pili ya jambo lilelile haipaswi kupokelewa kama ya kwanza. Katika zamu yako weka kanuni kwamba lalamiko likirudi mara ya pili ndani ya siku saba, treni hiyo inakwenda shimoni hata kama mpango hausemi hivyo, na fundi anayeipokea anasoma historia yake yote kabla hajagusa kifaa.

Ukishajua nini kimeingia na kina tatizo gani, unapaswa kuamua, na hapa ndipo msimamizi mpya anapoumia. Ulikuwa fundi, na moyo wa fundi hutaka kumaliza kila kitu. Msimamizi hawezi. Kuna kasoro ambazo treni haitoki nazo kwa hali yoyote: breki, milango isiyothibitisha kwamba imefungwa, vifaa vinavyosimamisha treni inapopita taa nyekundu, honi, taa za mbele na za nyuma, magurudumu yaliyobonyea kupita kiwango. Kuna kasoro zinazoruhusiwa kutoka kwa masharti, kwa mfano kwa muda maalumu au kwa mzunguko maalumu, kama kiyoyozi cha behewa moja. Na kuna kasoro za sura tu, kama kitambaa cha kiti kilichochanika. Sharti lako ni kwamba kila jambo linaloahirishwa liandikwe, liwe na tarehe ya mwisho, na liwe na jina la mtu aliyelikubali. Kuahirisha kazi kwa uwazi ni sehemu halali ya usimamizi, lakini kuiruhusu kazi ijifiche kwenye kumbukumbu ya fundi aliyekwenda likizo ni mwanzo wa hatari.

Weka pia saa ya maamuzi. Kwa ratiba yako ningeiweka saa 8 usiku. Saa hiyo mnasimama dakika kumi mbele ya ubao, mnaangalia kila treni, na yoyote ambayo haina uhakika wa kuwa tayari saa moja kabla ya kutoka kwake inabadilishiwa mzunguko papo hapo, au nafasi yake inachukuliwa na treni ya akiba. Baada ya saa hiyo hakuna kazi mpya ya kufungua inayoanzishwa kwenye treni za mapema. Ukiamua saa 8 una njia nyingi mbele yako, na ukiamua saa 10 umebaki na moja tu, kupiga simu na kuomba radhi. Kukereza magurudumu kwenye mashine iliyofukiwa chini ya reli, kwa mfano, ni kazi inayoweza kumeza usiku mzima wa treni moja, kwa hiyo treni inayokwenda huko ihesabiwe tangu jioni kwamba haipo, wala asitokee mtu wa kusema "labda itawahi".

Nikirudi kwenye safari za treni, kuna sababu nyingine ya kuzipunguza, nayo ina uzito kuliko ratiba. Kila treni inaposogea karakanani usiku, inasogea katikati ya watu. Fundi yuko chini ya bogi, msafishaji anashuka upande usio na mwanga, mtu wa maji anavuta mpira kuvuka njia. Njia yenye watu wanaofanya kazi lazima ifungwe isiingiliwe na treni nyingine wala treni iliyopo isitikiswe, na kufungwa huko kuonekane: taa nyekundu au bendera pande zote mbili, na kufuli ya kila mtu, yenye ufunguo mmoja unaokaa mfukoni mwake. Njia haifunguliwi mpaka kufuli ya mwisho iondolewe na mwenyewe. Si kiongozi wake kwa niaba yake, wala si kwa simu. Katika mipango mingi niliyoikagua mafundi walikuwa na kufuli na wasafishaji hawakuwa nazo, kana kwamba treni ikisogea ghafla humchagua mtu kwa cheo chake. Wape wasafishaji wote 20 mafunzo yaleyale na kufuli zilezile.

Umeme nao. Kwenye waya wa juu wa volti 25,000 mtu hahitaji kugusa ili auawe; kukaribia tu kunatosha, na fimbo ndefu ya kusafishia au mpira unaorusha maji huufupisha umbali huo. Kwenye reli ya tatu, ile ya pembeni inayobeba umeme badala ya waya wa juu, yenye kawaida ya volti 750, hatari iko miguuni, mahali ambapo msafishaji anayeshuka gizani hukanyaga. Kupanda juu ya paa kunaruhusiwa baada ya umeme kuzimwa, kuthibitishwa kwamba umezimika, na waya kuunganishwa na ardhi, kwa mpangilio huo. Kushusha pantografu, yaani mkono wa juu ya paa unaochukua umeme kwenye waya, hakutoshi, kwa kuwa waya bado una umeme, na ndani ya treni yenyewe kuna vifaa vinavyohifadhi umeme kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa.

Na treni ikilala, ilazwe kweli. Upepo wa breki huvuja taratibu, na treni iliyoshikwa na upepo peke yake saa 5 usiku inaweza isishikwe na chochote saa 9. Usiku wa kuamkia Julai 6, 2013, treni ya mizigo yenye mabehewa 72 ya mafuta iliachwa bila mtu kwenye mteremko karibu na Lac-Mégantic nchini Kanada. Breki za mkono zilizokazwa zilikuwa saba tu, upepo ukaisha baada ya injini kuzimwa, treni ikateremka zaidi ya kilomita 11 na kulipuka mjini, na watu 47 wakafa. Karakana yako huenda imejengwa mahali tambarare, lakini tambarare ya macho si tambarare ya gurudumu la chuma juu ya chuma. Breki ya kuegesha ikazwe, kabari iwekwe, na aliyefanya hivyo aandike jina na saa.

Jambo ambalo wasimamizi wengi huliacha kwa sababu halionekani kwenye ubao ni mwili wa binadamu. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri umakini wa mtu hushuka kuliko wakati wowote mwingine, hata kama amelala vizuri mchana, kwa kuwa mwili una saa yake ambayo zamu haiibadilishi kwa siku chache. Kwa hiyo kazi zinazodai umakini mkubwa, kama kufunga pedi za breki, kukaza boliti za kipimo maalumu, kuunganisha nyaya za mfumo wa usalama, zipangwe kwa treni zinazoingia mapema na zimalizike kabla ya saa 8. Baada ya hapo zibaki kazi ambazo kosa lake huonekana mara moja. Na kazi inayogusa usalama ikaguliwe na mtu wa pili ambaye hakuifanya, kwa macho na mikono yake, si kwa kusaini karatasi mezani. Uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Anthony Hidden baada ya ajali ya treni ya Clapham Junction, London, ya Desemba 12, 1988, iliyoua watu 35, ulionyesha kwamba waya mmoja wa zamani uliachwa bila kukatwa wala kufungwa pembeni, kwamba fundi aliyefanya kazi ile alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13, na kwamba hapakuwa na mtu wa pili aliyehesabu nyaya. Waya ule ulikuwa wa mfumo wa taa za reli, lakini mkono uliochoka ni uleule, na wewe ndiwe unayeandika orodha ya zamu.

Kuhusu uchafu nitasema kwa ufupi, kwa sababu ukipanga nafasi na safari, usafi hujipanga wenyewe kwa kiasi kikubwa. Wasafishaji wako hawashindwi kusafisha. Wanaingia kwenye treni mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza imezimwa umeme ili fundi afanye kazi, au imesogezwa wakiwa katikati. Waanze na treni ambazo hazitaguswa na fundi, wamalizie na zilizotoka shimoni, na fundi asipande na buti zenye grisi kwenye behewa lililokwisha kusafishwa bila kutandika kitu. Vyoo na sakafu za milangoni kwanza, vioo baadaye.

Alfajiri, usiiwashe treni dakika kumi kabla ya kutoka. Dereva anayekuja kuichukua anahitaji treni iliyokwisha kujaribiwa breki, milango yote kufunguliwa na kufungwa pande zote, mifumo ya usalama kujijaribu, na mabehewa kuwa na hewa inayofaa. Anza kuziwasha kwa mpangilio wa kutoka, saa moja kabla kwa kila moja, na usiziwashe zote kwa pamoja ikiwa mfumo wa umeme wa karakana yako una kikomo. Fundi mmoja asipewe kazi yoyote kati ya saa 10 na saa 12 isipokuwa kuzunguka na kusikiliza. Atakuwa ndiye mtu unayemshukuru kuliko wote, kwa sababu hitilafu nyingi za asubuhi ni ndogo na zinahitaji mtu aliye karibu mwenye mikono mitupu.

Utauliza uanzie wapi, maana yote haya hayafanyiki kwa usiku mmoja. Usibadilishe chochote kwa usiku saba. Weka karatasi moja kwa madereva wako wawili, waandike kila safari: treni ipi, kutoka wapi, kwenda wapi, saa ya kuombwa, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na sababu. Usiku wa nane hesabu safari ambazo treni ilisogezwa kwa ajili ya kuitoa nyingine tu, na zile ambazo ilisogezwa kwenda kusubiri. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa wakubwa wako, na iwapo baada ya kupanga upya bado utakuwa na upungufu, itakuonyesha pia ni nani hasa wa kumwomba. Ninaamini atakuwa dereva wa tatu wa kusogeza treni, kwa zile saa nne kati ya saa 5 na saa 9 usiku.